Foleni za sikukuu mjini Muscat: hesabu, haki na usalama wa watoto

Kila msimu wa sikukuu unapowadia, maelfu ya familia mjini Muscat, mji mkuu wa Oman, hufunga safari kuelekea kwenye bustani za burudani. Na kila msimu familia hizo hukutana na jambo lile lile, nalo ni foleni. Makala haya yanaeleza foleni hiyo hutokana na nini, hupunguzwa kwa njia zipi, na kwa nini uzembe katika kuipanga huweza kugharimu maisha ya watu.

Wapenzi wasikilizaji, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili asiyeijua foleni. Mkaazi wa Dar es Salaam akilisikia neno hilo huyafikiria kwanza magari. Mkenya wa makamo akilisikia neno mlolongo huukumbuka mwaka 1988, wapiga kura walipotakiwa kujipanga mstari nyuma ya wagombea wao au wawakilishi wao badala ya kupiga kura ya siri. Na kwa familia nyingi za Muscat zenye asili ya Unguja na Pemba, foleni ya sikukuu ni kumbukumbu ya tangu utotoni: viwanja vya Mnazi Mmoja, mapembea, na watoto waliovaa nguo mpya, sarafu mkononi, wakingojea zamu zao.

Familia hizo si chache. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970 na kuwataka Waomani waliokuwa nje warejee nyumbani, watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka Afrika Mashariki na kuhamia Muscat na miji mingine ya nchi hiyo. Hadi leo Kiswahili husikika madukani, maofisini na majumbani. Katika bustani za burudani pia, usiku wa sikukuu, si ajabu kumsikia bibi akimwambia mjukuu wake kwa Kiswahili asubiri zamu yake ifike.

Lakini je, zamu hiyo itafika baada ya dakika kumi au baada ya saa nzima? Jibu la swali hilo halitegemei subira ya bibi wala ya mjukuu. Linategemea mambo ambayo yanaweza kuhesabiwa na kupangwa kabla mgeni wa kwanza hajafika mlangoni.

Mji mrefu, saa chache

Ili kuielewa foleni ya Muscat ni lazima kwanza kuuelewa mji wenyewe. Muscat si mji wa mviringo wenye kitovu kimoja. Umebanwa kati ya milima ya mawe na Bahari ya Oman, ukatandaa kama mkeka mrefu kutoka Muscat ya kale na Muttrah, upande wa mashariki, hadi Seeb, upande wa magharibi. Barabara ya Sultan Qaboos ndiyo uti wa mgongo wake, na barabara ya magari ya kasi iliyojengwa baadaye sambamba nayo huipunguzia mzigo.

Bustani kubwa za mji huo nazo zimetawanyika. Bustani ya Qurum ipo karibu na bahari, katika eneo lenye shughuli nyingi. Bustani ya Al Naseem ipo mbali upande wa magharibi, kwenye njia ya kuelekea Barka. Bustani ya Al Amerat ipo nyuma ya milima, na gari linalotokea Bausher hulazimika kupanda na kushuka barabara ya mlimani ili kuifikia.

Bustani hizo zilikuwa jukwaa la Tamasha la Muscat, lililoanza mwaka 1998 chini ya usimamizi wa Manispaa ya Muscat, ambayo wenyeji huiita baladia. Kwa miaka mingi tamasha hilo lilifanyika Januari na Februari, likiwakutanisha mafundi wa kazi za jadi, wapishi, wacheza ngoma, na mitambo ya michezo ya watoto. Sultan Qaboos alifariki dunia tarehe 10 Januari 2020, na janga la korona likafuata. Januari 2023 burudani za majira ya baridi zilirejea kwa jina jipya, Layali Masqat, maana yake usiku wa Muscat.

Jina hilo la usiku linaeleza sehemu kubwa ya tatizo la foleni. Wakati wa kiangazi joto la Muscat hupindukia nyuzi 40 za Selsiasi, na hakuna mzazi anayempeleka mtoto kwenye bembea la chuma saa saba mchana. Desturi ya kutoka usiku imejengeka kutokana na hali hiyo, na hubaki hata katika miezi ya baridi. Aidha, tangu tarehe 1 Mei 2013 mapumziko ya mwisho wa wiki nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Alkhamisi usiku ndio mlango wa mapumziko. Familia moja husali Isha kisha hutoka, na jirani yake hufanya vivyo hivyo, na mtaa mzima pia. Bustani iliyofunguliwa tangu alasiri hupokea umati wake mkubwa katika saa chache tu za usiku.

Siku za Idi zina mwendo wake. Siku ya kwanza watu wengi huwa wamekwenda kwa jamaa zao huko Nizwa, Ibra, Sur au Rustaq, kwa ajili ya sala, kuzuru wazee, na kula shuwa, ile nyama iliyofukiwa na kupikwa ndani ya shimo la moto. Katika siku hizo za mwanzo, wanaoonekana zaidi katika bustani za Muscat ni wafanyakazi kutoka India, Bangladesh na Pakistan, ambao kwao Idi ni miongoni mwa siku chache za mapumziko. Familia zinaporejea mjini mwishoni mwa likizo, makundi hayo mawili hukutana mlangoni kwa wakati mmoja.

Jambo jingine ni usafiri. Shirika la usafiri wa umma la Oman lilichukua jina la Mwasalat mwaka 2015 na kuanzisha mabasi ya kisasa mjini Muscat. Hata hivyo, familia nyingi bado hutegemea gari binafsi. Kwa sababu hiyo foleni ya kwanza ya sikukuu huanzia barabarani, mbali na dirisha la tiketi, pale magari yanapongojea nafasi ya kuegeshwa. Baada yake hufuata foleni ya tiketi, ya ukaguzi, ya mitambo ya michezo, ya chakula na ya choo, na mwishowe foleni ya kutoka. Msimamizi anayeishughulikia foleni ya tiketi peke yake ameshughulikia moja tu kati ya saba.

Hesabu iliyoanzia kwenye simu

Elimu ya foleni ilizaliwa katika ofisi ya simu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Wakati huo simu ziliunganishwa kwa mkono, na kampuni ilitaka kujua inahitaji njia ngapi na waunganishaji wangapi ili wateja wasingoje mno. Mwaka 1909 Erlang alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya suala hilo. Tangu hapo hesabu za aina hiyo zimetumika katika mabenki, hospitali, viwanja vya ndege, na pia katika bustani za burudani.

Funzo kuu la hesabu hizo huwashangaza wengi. Foleni haikui kwa mwendo ule ule wa idadi ya watu. Pale mtambo unapokuwa na nafasi ya kutosha, wageni wakiongezeka kidogo hakuna anayehisi tofauti. Lakini mtambo ukishakaribia kujaa kila safari, nyongeza ndogo tu ya wageni huirefusha foleni kwa kasi kubwa. Ndiyo maana bustani iliyoonekana tulivu saa moja usiku huweza kuonekana imezidiwa saa tatu.

Chukulia kwa mfano bembea lenye viti 24. Safari yake huchukua dakika mbili, na kuwashusha waliomaliza, kuwapandisha wapya na kuwafunga mikanda huchukua dakika mbili nyingine. Kwa saa moja bembea hilo litakwenda safari 15 na kuwachukua watu 360. Iwapo kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku watafika watu 600 kila saa, jumla yao itakuwa 1,200, na watakaokuwa wamepanda ni 720. Watu 480 watabaki kwenye mstari, na yule wa mwisho atangoja saa moja na dakika 20. Mtoto aliyefika saa nne usiku atapanda saa tano na dakika 20.

Sasa chukulia kwamba dakika mbili za kushusha na kupandisha zimepunguzwa zikawa dakika moja. Bembea halikubadilishwa, wala safari haikufupishwa. Kwa saa moja litakwenda safari 20 na kuwachukua watu 480. Ifikapo saa nne usiku watakaobaki ni 240, na wa mwisho atangoja nusu saa. Dakika moja iliyookolewa katika kila safari imempunguzia mtoto yule dakika 50 za kusimama.

Dakika hiyo huokolewa kwa mambo madogo. Watu 24 wa safari inayofuata wahesabiwe na kutengwa kabla bembea halijasimama. Kipimo cha urefu wa mtoto kiwekwe mwanzoni mwa mstari, ili asije akangoja muda wote huo kisha akakataliwa mlangoni huku baba yake akibishana na mhudumu. Wanaoshuka watumie mlango wao na wanaopanda mlango wao. Tiketi ziuzwe mahali pengine, kwa sababu mhudumu anayerudisha chenji ya baisa kwa kila mteja analisimamisha bembea zima.

Njia ya tatu ni nafuu kuliko zote. Iwapo watu hao hao 1,200 wangefika kidogo kidogo kuanzia saa 12 jioni hadi saa nne usiku, yaani watu 300 kila saa, bembea lile la mwanzo lenye uwezo wa watu 360 lingetosha bila ya foleni ya kutajika. Kwa maneno mengine, mara nyingi kinachokosekana ni mpangilio wa saa, hata pale ambapo mitambo ipo ya kutosha.

Kanuni nyingine muhimu ilithibitishwa mwaka 1961 na mtaalamu wa Marekani, John Little. Inasema kwamba idadi ya watu waliomo mahali fulani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa ikizidishwa kwa saa ambazo kila mmoja hukaa. Iwapo watu 3,000 huingia bustanini kila saa, na kila mmoja hukaa saa tatu kwa wastani, ndani mtakuwa na watu 9,000. Kama bustani inaweza kubeba watu 6,000 kwa usalama, basi hakuna budi: ama waingie 2,000 kwa saa, ama mlango ufungwe kwa muda. Kuongeza madirisha ya tiketi katika hali hiyo hakusaidii. Kunaharakisha tu kuijaza bustani iliyokwisha kujaa.

Dakika za saa na dakika za moyo

Mbali na hesabu, foleni ina upande wa nafsi. Mwaka 1985 mtaalamu wa masuala ya huduma, David Maister, aliandika makala yaliyopata umaarufu mkubwa kuhusu hisia za watu wanaongoja. Alieleza kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli. Kungoja bila ya kujua mwisho ni kuzito kuliko kungoja kwa muda unaojulikana. Na kungoja kusiko na haki ni kuzito zaidi. Bango linalosema kwamba kutoka hapo hadi kwenye bembea ni dakika 40 halipunguzi hata dakika moja, lakini humpa mzazi uwezo wa kuamua abaki au aende kwanza kula.

Suala la haki linahitaji kutazamwa kwa makini. Richard Larson wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza foleni, ameonyesha kwamba kinachowakasirisha watu zaidi ya urefu wa mstari ni kumuona aliyekuja nyuma akihudumiwa mbele. Dawa inayojulikana ni mstari mmoja unaojikunja kama nyoka na kuishia kwenye madirisha kadhaa. Mteja aliyetangulia huhudumiwa kwanza, dirisha lolote litakalokuwa wazi, na hakuna anayejilaumu kwa kuchagua mstari mbaya.

Bustani kubwa za Marekani zilijaribu njia nyingine. Mwaka 1999 kampuni ya Disney ilianzisha tiketi zilizompangia mgeni muda wa kurudi, ili katika kungojea azunguke kwingine. Utaratibu huo ulipendwa sana, kwa vile wakati huo haukuwa na malipo ya ziada. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na utaratibu wa kulipia, na mjadala ukazuka: je, ni haki kwa mwenye pesa nyingi kumpita asiye nazo?

Kwa mji kama Muscat mjadala huo si wa mbali. Katika foleni ya sikukuu husimama mfanyakazi wa ujenzi aliyetoka Bangladesh, mwalimu kutoka Misri, na familia ya Kiomani yenye watoto watano. Foleni ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watu hao wote hupimwa kwa kipimo kimoja, yaani saa waliyofika. Iwapo utaratibu mpya utamtaka kila mtu awe na simu ya kisasa na intaneti, au awe na pesa ya ziada, kipimo hicho kitakuwa kimebadilika. Ni sawa kuwapa njia yao wazee, walemavu na kina mama wenye vigari vya watoto, kwani kila aliyesimama anaiona sababu yake. Upendeleo usioelezeka ndio unaozua ugomvi.

Tena, tiketi ya kupangiwa muda haiiondoi foleni, huihamisha tu. Wale waliokuwa wamesimama kwenye mstari sasa wako vijiani, kwenye vibanda vya chakula na kwenye nyasi. Kama njia za bustani ni nyembamba, foleni iliyofutwa mlangoni huzaliwa upya katikati ya bustani, mahali ambapo haina kamba wala msimamizi.

Foleni inapogeuka msongamano

Foleni ndefu huchosha, lakini foleni iliyovunjika huua. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo sababu kubwa ya kulichukulia suala hili kwa uzito.

Wakaazi wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sherehe za Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi uliokuwa ukifanyiwa disko la watoto. Ukumbi ulizidiwa, hewa ikawa haba, na watoto wapatao 20 wakapoteza maisha. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, na wazazi wao waliamini kwamba wamewapeleka mahali pa furaha. Baada ya msiba huo mamlaka za Tanzania zilipiga marufuku disko toto, na katika miaka iliyofuata polisi wamekuwa wakilirudia onyo hilo sikukuu zinapokaribia.

Wataalamu wa usalama wa umati hueleza kwamba katika misiba ya aina hiyo wengi hawafi kwa kukanyagwa kama inavyodhaniwa. Hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hadi wakashindwa kuvuta pumzi. Watu wawili katika kila mita mraba wanaweza kusimama na kugeuka bila ya shida. Wakizidi watano katika mita mraba moja, mtu hupoteza uwezo wa kuamua aende wapi. Umati huanza kuyumba kama maji, na msukumo wa nyuma huwafikia wa mbele kwa nguvu ambayo hakuna aliyeikusudia. Wa nyuma haoni kinachotokea mbele, kwa hivyo huendelea kusonga. Na mtoto mwenye urefu wa mita moja kifua chake kipo pale zilipo nyonga za watu wazima.

Hesabu yake ni rahisi. Uwanja wa mbele ya lango wenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 40 una mita mraba 400. Watu 800 watasimama hapo kwa amani. Wakifika 2,000 uwanja ule ule umekuwa hatari, ingawa kwa macho ya aliye mbali unaonekana tu kuwa umechangamka.

Msiba wa Seoul, Korea Kusini, wa tarehe 29 Oktoba 2022 ulionyesha kwamba hata nchi tajiri haina kinga. Watu 159, wengi wao vijana, walikufa baada ya kubanwa katika kichochoro cha mteremko mtaani Itaewon, usiku wa sherehe ambayo haikuwa na mwandalizi mmoja wa kuwajibika. Hapakuwa na lango la kufungwa, wala mtu aliyepewa kazi ya kuhesabu.

Waislamu wengi watakumbuka pia Mina, karibu na Makka. Tarehe 12 Januari 2006 mahujaji zaidi ya 340 walikufa kwenye daraja la Jamarat. Daraja hilo lilibomolewa, likajengwa jingine la ghorofa kadhaa, lenye njia za kwenda upande mmoja tu, na makundi ya mahujaji yakapangiwa saa za kurusha mawe. Hata hivyo tarehe 24 Septemba 2015 makundi yalikutana barabarani, mbali na daraja lenyewe. Saudi Arabia ilitangaza vifo 769, na hesabu ya vyombo vya habari iliyojumlisha taarifa za nchi mbalimbali ilizidi 2,000. Funzo lake linaihusu kila bustani ya burudani: haitoshi kupanga mahali watu wanapokwenda, bila ya kupanga njia zinazowafikisha hapo na zinazowarudisha.

Yanayowezekana kabla ya mgeni wa kwanza

Mambo yanayofaa kufanywa yanajulikana, na mengi si ya gharama kubwa. La kwanza ni kuhesabu. Msimamizi asiyejua wako watu wangapi ndani hawezi kujua lini afunge mlango. Kiwango cha juu kabisa kiwekwe mapema, wakati akili zimetulia, kwa sababu usiku wa sikukuu, mbele ya umati unaopiga kelele na pesa zinazoingia, ni vigumu kwa mtu mmoja kutoa uamuzi huo.

La pili ni kuusimamisha umati mbali na lango. Bustani ikijaa, habari hiyo imfikie dereva akiwa bado kwenye barabara kuu, ambapo anaweza kugeuza na kwenda bustani nyingine. Akishaegesha gari na kuwashusha watoto, hatakubali kurudi nyumbani. Katika mji mrefu kama Muscat, ambako Al Naseem, Qurum na Al Amerat zimeachana kwa mwendo mrefu wa gari, tangazo la redio au ujumbe wa simu uliotumwa mapema hufanya kazi kubwa kuliko kamba za mlangoni.

La tatu ni milango. Milango ya kutokea iwe wazi, ipana, ifunguke kuelekea nje, na isitumike kuingilia. Kipaza sauti kiwe karibu, na atakayekitumia awe na lugha za wageni wake. Mjini Muscat hiyo ina maana ya Kiarabu na Kiingereza, lakini pia Kihindi, Kiurdu na Kibengali. Na sauti moja ya Kiswahili isingepotea bure.

La nne ni kuusawazisha muda. Tiketi za jioni ya mapema zikiwa na bei nafuu kuliko za saa tatu usiku, baadhi ya familia zenye watoto wadogo zitakuja mapema. Fataki zikirushwa mara moja, saa ile ile, kila siku, watu wote watakuja kwa saa hiyo na kuondoka pamoja. Zikiwa na ratiba inayobadilika, au zikifuatwa na ngoma inayowabakisha baadhi ya watu, foleni ya kutoka hukatika vipande.

Wazazi nao wana sehemu yao. Anayeweza kwenda katikati ya wiki asingoje Alkhamisi usiku. Anayeweza kufika kabla ya Magharibi atapata maegesho, na watoto watakuwa wamekwisha kucheza umati unapoanza kuingia. Mtoto mdogo afungwe mkononi utepe wenye namba ya simu ya mzazi, na familia ikubaliane tangu mwanzo mahali pa kukutana iwapo watapoteana. Na pale mzazi anapohisi kwamba haendi tena kwa miguu yake bali anasukumwa, ambebe mtoto juu, akunje mikono mbele ya kifua chake ili apate nafasi ya pumzi, na atoke taratibu kwa kuelekea pembeni. Asishindane na msukumo kwa kurudi nyuma.

Lipo jambo moja zaidi ambalo wapangaji wa Muscat wanaweza kuliona kwenye kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa takribani siku 11, kwa hivyo sikukuu husogea. Kati ya mwaka 2014 na 2018 Idi el-Fitri iliangukia Julai na Juni, katika joto kali ambalo lilipunguza watu wa kutoka nje. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, na mwaka 2025 mwishoni mwa Machi. Ikiendelea hivyo, mwaka 2030 itaangukia mwanzoni mwa Februari, na mwaka 2031 mwishoni mwa Januari, ndani ya majira yale yale ya baridi, burudani za usiku na likizo. Hali kama hiyo ilikuwepo mwaka 1998, tamasha lilipoanza, Idi ilipoangukia mwishoni mwa Januari. Lakini Muscat ya leo ina watu na magari mengi zaidi kuliko ile. Misimu miwili iliyozoea kupishana itakutana, na foleni zake pia.

Visiwani Zanzibar nako suala ni hilo hilo kwa kipimo kidogo. Uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo, ambao wengi huuita Mapembeani, ulikarabatiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na siku za Idi watoto kutoka mjini na mashamba huelekea huko kwa wingi. Anayesimamia lango la Kariakoo na anayesimamia lango la Qurum wana kazi moja. Wote wawili wamekabidhiwa watoto wa watu wengine kwa saa kadhaa za usiku.

Wahenga walisema subira huvuta heri, na kweli mtoto anayejifunza kungoja zamu yake amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote. Lakini subira ni wajibu wa anayengoja. Anayengojewa ana wajibu wa kuhesabu, kupanga, na kuwa na ujasiri wa kufunga mlango wakati unapofika.

Na hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo yanapofikia tamati makala haya kuhusu foleni za sikukuu.